Siku Tatu za Mtoto Asiyekuwepo

Diploma yangu imetundikwa katika ofisi yangu hapa Kigoma, mahali ambapo mzazi akiketi lazima aione. Niliiweka hapo kwa makusudi. Niliondoka nchini na begi moja na viza ya bahati nasibu, nikabeba maboksi ghalani, nikasoma jioni, sikurudia somo hata moja, na nikarudi na elimu ya malezi ya watoto pamoja na fedha za kujenga chekechea ya madarasa manne. Hakuna mjomba aliyenisukuma. Lakini katika miaka ile yote zipo wiki mbili ambazo nusura zinipokonye kila kitu. Anayeniona leo nikiwa mkali juu ya daftari la mahudhurio hajui ukali huo niliutoa wapi.

Nilikuwa naishi Louisville. Baba wa binti yangu alikuwa amebaki Buffalo, mji wetu wa kwanza, na mwanamke mwingine. Nilimwachia theluji yake nikahamia kusini. Binti alikuwa na miaka mitatu. Zamu yangu katika ghala la vipuri vya magari kule Jeffersontown ilianza saa kumi na mbili kamili asubuhi, na jioni mbili kwa wiki nilikuwa darasani. Nilibakiza muhula mmoja. Kilichoshikilia maisha hayo yote kilikuwa kitu kimoja, msaada wa serikali wa kulea watoto wa wenye kipato kidogo. Serikali ililipa kituo sehemu kubwa, mimi nikaongezea kidogo, na binti akashinda salama. Msaada ukikatika, kituo hakimpokei. Asipopokelewa, siendi kazini. Nisipoenda kazini, hakuna ada wala diploma.

Fomu ya msaada niliijaza mwenyewe bila mkalimani. Katika jengo letu mimi ndiye niliyewajazia wengine. Majirani zangu walikuwa Wakongo wa Kivu ya Kusini waliopitia kambi ya Nyarugusu, na kwa kuwa kambi hiyo ipo mkoani kwetu, tulielewana upesi. Waliniita Madamu Diploma hata kabla sijaipata. Ilikuwa kejeli, najua. Lakini bahasha ya serikali ilipofika, waliopanda ngazi kuja kugonga kwangu walikuwa hao hao.

Mlangoni mwa kituo palikuwa na tableti. Mzazi alibonyeza namba zake nne za siri mtoto anapoingia na tena anapotoka, na serikali ililipa kwa kufuata rekodi hiyo. Fomu ilisema wazi kwamba namba ni ya mzazi peke yake. Niliisoma sentensi hiyo. Ilikuwepo pia karatasi ya kumwandikisha mtu mwingine wa kumleta mtoto, apewe namba yake mwenyewe, lakini ilitaka twende naye kituoni na kitambulisho, mchana, siku ya kazi. Niliiruka. Kituo kilifunguliwa saa kumi na mbili, dakika ile ile niliyotakiwa kuwa ghalani. Nikampa jirani yangu, Mama Shemasi, namba zangu. Ilichukua muda wa kufunga kiatu.

Mama Shemasi alikaa ghorofa ya chini. Alikuwa mjane wa miaka kama sitini, shemasi wa kanisa lao. Jioni alitunza wazee majumbani mwao, na asubuhi alipeleka watoto watano wa jengo letu kwa gari lake, kila mmoja kwenye kiti chake cha usalama, na alasiri akawarudisha. Kusoma kulimpa tabu, lakini namba za akina mama watano alizishika kichwani kama namba za nyimbo za ibada.

Alhamisi moja jioni nilipigiwa simu kutoka Buffalo. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akiishi huko, alikuwa amefariki ghafla. Alfajiri ya Ijumaa niliteremka ngazi, binti amelala begani, nikagonga kwa Mama Shemasi.

"Leo simleti, Mama. Nimefiwa. Tunaenda Buffalo."

Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniombea pale pale mlangoni. Kisha akasema, "Enda, mwanangu. Ya huku yote utuachie."

Niliyachukua maneno hayo kama pole. Nikaondoka.

Mazishi yalikuwa Jumanne. Saa nne asubuhi tulikwisha kuvaa, magari yamepangwa nje ya nyumba ya wifi yangu, simu ikatetemeka mkobani. Alikuwa mkurugenzi wa kituo, mwanamke mtaratibu ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Siku hiyo aliipandisha.

"Binti yako yuko wapi?"

"Nimempakata."

"Umempakata wapi?"

"Buffalo. Kwenye msiba wa kaka yangu."

Nikamsikia akimwambia mtu mwingine, "Yupo. Yupo na mama yake." Aliporudi kwangu alizungumza polepole. Mkaguzi wa serikali alikuwa ameingia bila taarifa na kuhesabu watoto. Tableti ilisema kumi na tisa. Vyumbani walikuwemo kumi na wanane. Walimu walikuwa wamefungua kila choo na kila kabati, na mmoja alikuwa amekimbia hadi barabara kuu kumtafuta mwanangu kati ya magari.

"Tableti inasema aliingia leo saa kumi na mbili na dakika nne," alisema. "Na jana. Na Ijumaa. Mkaguzi amesimama mbele yangu. Nimwambie nini?"

Nje dereva wa gari la jeneza alikuwa ameshawasha injini.

"Mwambie nitakuja mwenyewe," nikajibu.

Nilimzika kaka yangu huku namba nne zikizunguka kichwani. Hilo sijajisamehe mpaka leo.

Jumatano niliendesha hadi Columbus, nikalala kwa binamu yangu Reynoldsburg. Yeye alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, na alijiona mjuzi wa mambo ya ofisi.

"Sema Jumatatu ulirudi Louisville," aliniambia, "ukamwacha mtoto kituoni, halafu ukaondoka tena."

"Mkaguzi kahesabu vichwa. Unataka nimwongezee kichwa?"

"Basi mtaje yule bibi. Wewe ulikuwa msibani, una picha, una mashahidi. Yeye ndiye aliyebonyeza. Mtaje, umalizane nao."

Ilikuwa kweli, na yeyote angeiamini. Asubuhi, njia nzima kutoka Columbus, niliipima kweli hiyo. Hadi napita Cincinnati nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia yule mama, moja baada ya jingine.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi akinisubiri, na sufuria ya sombe, kisamvu chao, miguuni. Alijua tungefika na njaa.

"Mama, ulibonyeza namba zangu?"

"Eeh. Siku zote tatu." Alisema hivyo kama mtu anayetoa taarifa ya kazi aliyoifanya vizuri. "Ya kuingia na ya kutoka. Sikusahau hata mara moya."

"Kwa nini, na mtoto hayupo?"

"Weye ulikuwa kwa kilio!" Alinishangaa. "Kwa kambi, mutu akifiwa, ni nani alikuwa anamupangia laini ya maji? Si sisi majirani? Tulikuwa tunaweka bidon yake pale katikati ya zetu, zetu zikisogea na yake inasogea. Akitoka kwa kilio anakuta maji. Donc, miye nilisogeza bidon yako. Banasemaka mutoto akikosa siku mingi, nafasi yake banapatia mwingine."

Bidon ni dumu la maji. Mimi ni mtu wa Kigoma. Foleni zile za madumu nilizijua, na nilijua kwamba dumu la mfiwa halirukwi. Maneno yangu makali yakanikauka mdomoni. Nikachukua sufuria, nikapanda nayo juu.

Barua ilifika Ijumaa. Ilitaja shaka ya udanganyifu na kuniita Jumatano ijayo kujieleza. Isiporidhika ofisi, msaada ungefungwa mwisho wa mwezi. Mkurugenzi naye aliamuru kwamba mpaka jambo hilo liishe, kila mzazi abonyeze kwa mkono wake. Nilichelewa kazini Ijumaa, nikachelewa Jumatatu, nikachelewa Jumanne. Msimamizi wa zamu, aliyekuwa akinisifu mbele za watu, aliniambia nikichelewa mara ya nne nisijisumbue kuingia.

Jumanne hiyo jioni akina mama wa jengo walijaa jikoni kwangu. Mama Mapacha, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyeanza.

"Madamu Diploma, weye unajuaka Kizungu mingi. Ubaambie ile mashini iko na pepo. Inajibonyezaka yenyewe."

"Tuite pasta aikemee!" akadakia mwingine, wakacheka mpaka binti yangu akatoka chumbani kuuliza, kwa Kiingereza chake cha kituoni, ni nani anayechekesha. Kisha Mama Mapacha akaacha kucheka.

"Bon. Tuseme ya kweli. Ukimutaja Mama Shemasi, hataletaka tena batoto kule. Sisi bamama banne tutapoteza kazi. Usipomutaja, unapoteza ya kwako."

Mama Shemasi mwenyewe alikuwa ameketi karibu na jiko akimenya viazi vyangu bila kutumwa.

"Kesho tunaenda wote," alisema bila kuinua macho. "Bidon niliisogeza miye."

Nilibadilishana zamu na mwenzangu, tukaenda wote. Alivaa kitenge cha Jumapili na kilemba. Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani ya kusomea, na mezani palikuwa na majalada kadhaa. Alimpigia mkalimani, akaiweka simu katikati ya meza, na Mama Shemasi akaisimulia ile simu habari za kambi, kilio na foleni ya maji, akiinyooshea kidole kana kwamba mkalimani alikuwa ndani yake. Afisa aliandika. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Huyu mama alijua kwamba namba haitumiwi na mtu mwingine?" aliniuliza mimi, kwa Kiingereza.

"Hapana. Hakuambiwa."

"Na wewe?"

Aligeuza fomu yangu nione sahihi yangu. Ilikuwa sahihi nzuri. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi. Nilipokawia kujibu, akasema kwa upole, "Inawezekana fomu haikutafsiriwa kwako. Wapo wengi ambao Kiingereza cha fomu hizi kinawashinda. Kama hukuelewa, sema tu."

Alikuwa amenifungulia mlango, na nyuma ya mlango huo kulikuwa na kazi yangu, binti yangu, muhula wangu wa mwisho. Nilihitaji kusema maneno mawili tu: sikuelewa. Lakini mimi, niliyesoma nikiwa nimesimama kwenye mapumziko ya ghala, niliyepata alama za juu katika darasa la watu waliozaliwa na lugha hiyo, nikae mbele ya mtu niseme Kiingereza kimenishinda? Mdomo ulikataa. Sitajisifu kwamba ulikuwa ucha Mungu. Ilikuwa fahari yangu, na sioni aibu kusema hivyo.

"Nilielewa kila neno," nilisema. "Nilisoma, nikasaini, kisha nikampa namba. Hata karatasi ya kumwandikisha niliiona, nikairuka. Kosa ni langu."

Mkalimani akamtafsiria Mama Shemasi. Alinifinya paja chini ya meza, na kucha zake hazikuwa za mzaha. "Weye mutoto!" alininong'oneza. "Anakupatia njia, unaikataa?"

Afisa alivua miwani. Akavuta yale majalada mengine, akayafungua moja baada ya jingine, akanionyesha mahali pamoja katika kila moja, mstari wa mtu aliyemsaidia mwombaji kujaza fomu. Yalikuwa manne, ya wale akina mama wengine wanne wa jengo letu, na yote yalikuwa na sahihi yangu nzuri.

"Ungesema hukuelewa," alisema, "ningelazimika kuuliza uliwasaidiaje hawa."

Kumbe mlango ule ungenitumbukiza shimoni, mimi na wale wanne pamoja. Hata leo sijui kama aliufungua kwa huruma au kwa mtego. Sikumuuliza.

Aliandika kwa muda mrefu, kisha akatusomea: kosa la mzazi, si udanganyifu, siku tatu zinaondolewa kwenye malipo, msaada unaendelea, likitokea tena, unafungwa bila mazungumzo. Nikamwomba hapo hapo ile karatasi niliyoiruka. Niliomba moja, akanipa tano.

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja kituoni. Mama Shemasi alitoa kitambulisho chake, akapewa namba yake mwenyewe, na mkurugenzi akamwandika kwenye jalada la mwanangu kama mtu anayeruhusiwa kumleta. Wale akina mama wengine wanne waliomba ruhusa kazini, wakaleta karatasi zao mchana huo huo. Alhamisi, saa kumi na mbili kamili, nilikuwa ghalani nimeshavaa glavu. Msimamizi alitazama saa yake, akanipita. Miezi mitano baadaye niliitwa mbele ya ukumbi kupokea diploma, na kelele za vigelegele kutoka safu ya Wakongo ziliwafanya walinzi wageuke.

Siku hizi Mama Shemasi anaishi Columbus kwa mwanawe. Hunipigia simu mara kwa mara, na hajaacha kunitania. Juzi aliniuliza:

"Madamu Diploma, kwa ile shule yako, mutoto wa mutu wa kilio munamuandikaka nini?"

Nikamweleza. Kwenye daftari langu hakuna anayesaini kwa niaba ya mwingine, awe bibi, awe jirani, awe diwani. Aliyekuja ameandikwa amekuja, na asiyekuja ameandikwa hayupo. Ila mtoto wa nyumba yenye msiba huandikwa neno "msiba" kwa kalamu nyekundu, kiti chake hakikaliwi na mwingine, na nafasi yake haipewi mtu hata awe na haraka namna gani.

"Bon," akasema. "Basi bidon inasogeaka."