Mjerumani Hayumo Shimoni

"Shimo hilo si langu wala si la hawa vijana, Mama Kulwa. Ni la Mjerumani. Kama una malalamiko, nenda kamshtaki Mjerumani."

Hivyo ndivyo alivyonijibu mwenyekiti wa kitongoji chetu, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai la wachimbaji, mguu juu ya mguu. Vijana wa duara, ndivyo tunavyoliita shimo la kuchimbia dhahabu, walicheka mpaka mmoja akapaliwa na soda. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yao, nimemshika mkono Doto, binti yangu wa miaka sita, gauni lake lote vumbi jekundu. Dakika chache kabla nilikuwa nimemkuta amelala kifudifudi ukingoni mwa shimo, kichwa kinaning'inia ndani, anadondosha vijiwe.

"Nasikiliza kama atajibu, mama," aliniambia. "Anko wa karasha la kusagia mawe amesema huko chini kuna Mjerumani tajiri."

Uvumilivu wangu uliishia hapo. Tangu wiki iliyotangulia nilikuwa nikisema kwa adabu, shikamoo mbele, ombi nyuma, na siku ile nilitaka kutukana. Matusi ninayo, nimekulia jirani na machimbo. Kilichonifunga mdomo ni harufu. Nyuma ya kiti cha mwenyekiti walikuwa wamerundika minyaa waliyoifyeka kuzunguka shimo, na kila palipovunjika upya utomvu mweupe ulikuwa unachuruzika. Ukikatwa, mnyaa unatoa harufu kali na mbichi inayokwaruza koo, na mimi harufu ile nikiipata tu narudi kuwa na miaka saba, nina kijiti mkononi, namfuata bibi yangu mlimani.

Niwaambie kwanza kwetu palivyo, maana msipopajua mtaniona mwanamke wa kelele tu. Kitongoji chetu kinaitwa Jerumani. Ukitoka Rwamgasa unapita machimbo, unapita lambo la ng'ombe, kisha unaona kilima cha mawe makubwa yaliyobebana kama mtu aliyapanga akachoka njiani. Chini ya mawe kuna ardhi ya kichanga, tunaiita luseni, ndipo zilipo nyumba na mihogo. Chini zaidi kuna mbuga nyeusi ya mpunga, ambayo kiangazi inapasuka nyufa za kumeza ndala na masika inameza mguu mzima. Katikati ya kilima na nyumba, kando kabisa ya njia ya shule, ndipo lilipo shimo.

Jina hilo lilinipa shida. Siku ya kwanza sekondari mwalimu wa jiografia alituuliza mmoja mmoja tunatoka wapi. Nikasimama nikasema, "Jerumani." Darasa likalipuka. Mwalimu akanionyesha ramani ya Ulaya, nami nikamwambia hapana mwalimu, ni hapa hapa, baada ya lambo. Mpaka namaliza kidato cha nne niliitwa Mzungu.

Tulipokuwa wadogo, kila mtoto wa Jerumani aliijua historia ya shimo. Mjerumani alikuja zamani za mababu kutafuta dhahabu. Alichimba, akaipata, akaipenda mno. Wenzake walipokimbia vita yeye alibaki chini anaihesabu, na mpaka leo anahesabu. Ukimchungulia anakosea hesabu, na akikosea anapanda juu kumtafuta aliyemkosesha. Hatukuhitaji fimbo. Hata mbuzi akipotelea upande ule tulikuwa tunamwita kwa mbali, kwa sauti ya kubembeleza.

Na kulikuwa na desturi. Mvua ya kwanza ikishanyesha, kila kaya ilitoa mtoto mmoja mwenye kijiti cha mnyaa. Wazee walikagua ua unaozunguka shimo, na palipokuwa na pengo mtoto alichomeka kijiti chake akiwa amelipa shimo mgongo, asichungulie. Mnyaa hauna deko, ukichomekwa unashika. Nyuma ya ua ule shimo lilikuwa halionekani kabisa.

Mwaka wangu ulipofika nilitetemeka usiku kucha. Asubuhi bibi alinitangulia na jembe begani, miguu yake ikilia pwata, pwata kwenye tope jipya. Nilichomeka kijiti huku nimefumba macho, nikakimbia hatua kadhaa, nikageuka kumwita. Bibi hakuwa na haraka. Alikuwa amechuchumaa penye ua, mikono mapajani, kama anavyokaa mtu anayeamkia wakwe.

"Mwangaluka," akasalimia, akielekea shimoni. Akanyamaza kama anayesubiri kuitikiwa, kisha akaendelea kwa Kisukuma: mvua imenyesha, mbegu ipo, mtoto wa mwaka huu ndiye huyu.

Njiani nilishindwa kuvumilia. "Bibi, Mjerumani amejifunza lini Kisukuma?"

Alicheka, jamani. Alicheka mpaka akaegemea mpini wa jembe. Halafu nikaona anajifuta macho kwa pembe ya kanga, anafuta na kufuta, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Ni utomvu, mayu," akaniambia. "Umeniingia."

Nikaamini. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni moto, kila mtoto wa kwetu anajua. Nilimshika mkono nikamwongoza mpaka nyumbani, najiona mtu mzima.

Miaka mingi baadaye, tulipomzika bibi, ndipo mama aliponieleza. Huyo Mjerumani hakuwahi kushuka shimoni hata siku moja. Alikaa juu, kivulini. Walioshuka ni watu wetu, waliokusanywa kwa nguvu, wakiteremshwa kwa kamba. Mmoja aliitwa Mabula, baba mkubwa wa bibi. Aliyeshika kamba juu siku ya ajali alikuwa mdogo wake, baba yake bibi. Ukuta wa shimo ukaporomoka, kamba ikalegea mikononi mwake. Mjerumani akaamuru waanze shimo jingine, hapo pakaachwa, Mabula akaachwa. Mdogo wake ndiye aliyechomeka mnyaa wa kwanza.

"Sasa kwa nini mlitudanganya?" nilimuuliza mama.

"Mtoto ukimwambia babu yumo humo, si atakwenda kumsalimia? Ukimwambia Mzungu mkali, atakimbia."

Walikuwa na akili, wazee wetu. Ila hawakufikiria jambo moja, kwamba hadithi ina masikio mengi. Kwetu ilikuwa na Mjerumani wa kutisha. Wageni waliokuja na makarasha waliisikia vilabuni wakamruka Mjerumani, wakabaki na dhahabu. Wazee wakafa mmoja mmoja, mvua ya kwanza ikawa inanyesha bila kijiti, na mwaka huu vijana wakaja na mapanga kutafuta mali. Wakafyeka ua asubuhi moja, wakachimba pembeni, wakala ubwabwa wao na mwenyekiti. Na neno lile lile lililonikimbiza mimi ndilo lililomlaza mwanangu kifudifudi ukingoni mwa shimo.

Nilimwangalia mwenyekiti. Naye ni mzaliwa wa hapa. Naye alichomeka kijiti.

"Wewe unajua nani yumo humo," nikamwambia.

Aliinua soda akakuta chupa tupu. "Mambo ya wazee hayo, Mama Kulwa. Sisi tunataka maendeleo."

Nilichukua vijiti vitatu kwenye lile rundo, nikampa Doto kimoja, tukaondoka. Nyumbani nilimweleza yeye na Kulwa, pacha wake, jina la Mabula na habari ya kamba, yote, kwa mchana, wakiwa wameshiba. Walinisikiliza bila kutafuna hata kucha. Kisha nikachana karatasi ya katikati ya daftari, nikaandika barua hii, na kesho yake nikakaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji mpaka ikagongwa muhuri:

Kwa Mtendaji wa Kijiji.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SHIMO LILILOACHWA WAZI KITONGOJI CHA JERUMANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi na mkazi wa kitongoji hicho. Nalalamika kuwa mwenyekiti wetu ameruhusu wachimbaji kufyeka ua wa minyaa uliokuwa umezunguka shimo la zamani kando ya njia ya shule, na kuliacha wazi. Binti yangu amekutwa ukingoni. Nilipolalamika niliambiwa nimshtaki Mjerumani.

Naomba uchimbaji usimame, na shimo lizungushiwe ua kabla shule hazijafunguliwa. Vijiti ninavyo, na watoto wa kuvichomeka wapo.

Naomba pia iandikwe kwenye kumbukumbu za kijiji kwamba Mjerumani hayumo ndani ya shimo hilo. Aliyemo ni babu yetu Mabula, yumo peke yake, na hatujampa mtoto wa kumfuata.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama Kulwa na Doto.