Koili Iliyopata Joto

Mwanangu Ekai, kuna siku moja haijanitoka moyoni mpaka leo, na kwa kuwa keshokutwa unasafiri kwenda kuifanya kazi ileile niliyoifanya mimi, mjomba wako, kaa kwanza nikwambie. Chai ipo.

Nilikuwa kijana wa Lodwar katika maabara ya ng'ambo, nchi ya baridi ya kukata masikio. Kazi yetu ilikuwa kupiga koili za sumaku, yaani nyaya zilizoviringwa, kwa miale mikali ya chembechembe, tuone zitaharibika kiasi gani. Koili zile hupitisha umeme bila kupoteza chochote, mradi zimepozwa kupita barafu yoyote unayoijua. Zikipigwa zinaumia ndani, na kwa macho huoni kitu. Sheria ilikuwa moja: pima koili ingali baridi. Ikishapata joto, sehemu ya majeraha hujifunga yenyewe, na vipimo vinakudanganya.

Basi Jumapili hiyo nilikuwa na haraka. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kumpigia bibi yako, mama yangu. Simu ilikuwa ya mama yako, dada yangu Akiru, hapa Lodwar. Nikazima mtambo wa kupoza kabla sijapima, nikajiambia, aa, nitapima kesho. Nikakimbia.

"Ejok, mama?" nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok nooi!" Yaani hajambo sana. Akacheka, akauliza kama nimeshapata mke huko kwenye barafu. Nikamuuliza afya. "Mimi? Mzima kabisa!" Jamani, kicheko kile! Hata leo nakitamani.

Kesho yake nikapima koili. Vipimo vizuri ajabu! Nikampelekea mkuu wangu, mzee mpole, huku mimi meno yote nje. Akasoma, akavua miwani.

"Ulipima kabla ya joto au baada?"

"Baada."

"Basi hujapima kitu, kijana. Umeiacha ipate nafuu, ndipo ukaiuliza kama inaumwa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kazi ya miezi ikaanza upya, na likizo yangu ya kuja nyumbani nikaiahirisha. Nikajipa moyo: mama ni mzima, si nimemsikia mwenyewe?

Nilirudi nikakuta ameshazikwa. Ndipo mama yako aliponieleza. Kila Jumapili bibi yako alivaa shanga zake zote, shingo nzima, kwa ajili ya simu tu. Akajipaka mafuta, akanywa chai ya maziwa, akaongea na mimi akicheka. Simu ikikatika alilala palepale kwenye ngozi mpaka jua lipungue, hawezi kuinuka. Na alimkataza Akiru asiniambie. Nililia, mwanangu, na bado nalia. Jambo lile nilifundishwa kazini, kwa koili, nikashindwa kulipeleka nyumbani.

Sasa mama yako yuko Kakuma na duka lake, na najua utampigia. Mpigie, mfurahishe. Lakini sauti yako ndiyo joto lake, kwa hiyo usikichukue kicheko chake ukasema umempima. Waulize majirani. Na ukipewa likizo usiahirishe. Njoo bila kutangaza, umkute kabla hajavaa shanga.

Haya, nenda. Akuj, Mungu wetu, akutangulie njiani, akuletee mvua unakokwenda, na siku utakaporudi umkute mama yako mlangoni, na shanga au bila shanga, ila awepo.