Kwao Fundi Maji Moto Ni Wapi?

Jumanne nilimpigia simu fundi wangu wa maji ya moto, akapokea mama nisiyemjua. "Mwenye simu alituacha jana," akasema. "Ni nimonia. Wewe ni nani yake?" Nikajibu kwamba mimi ni mteja wake wa Riruta. Akanieleza kuwa simu ya marehemu ina nambari ya siri, kitambulisho hakionekani, na majirani wa ploti yao ya vyumba vya kupanga, mtaa wa Kawangware 46, hawajui wampeleke wapi kuzikwa.

Miaka miwili iliyopita nilichoka na shawa ya umeme inayonipiga shoti, nikasikia kuna pampu inayovuta joto la hewa ya nje na kulitia kwenye maji. Nikamwita fundi huyo hapa kwangu Riruta. Nilitaka tuifungie stoo kwa kufuli mbili, wezi wasiibebe. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa mzee, ukiifungia stoo itavuta joto la nani? Hii inataka hewa." Hakukimbilia kuuza. Alikagua nyaya kwanza, akaniambia nizibe mifereji inayovuja na nivalishe mabomba ya maji moto sponji yasipoteze joto. Kisha akauliza, "Kwa hii nyumba mko wangapi?" Nikamwambia niko peke yangu tangu mama watoto afariki. "Basi chukua ndogo. Hiyo kubwa utakuwa unamchemshia nani?" Neno hilo lilinichoma, ingawa alisema kweli.

Baada ya hapo alikuwa akipita Jumamosi, eti aangalie pampu. Pampu haikuwa na neno. Tulikunywa chai, yake ya vijiko vitatu vya sukari, tukawasengenya wanasiasa hadi jioni. Mji huu umetuzoesha kujuana kwa kazi tu: mama mboga, fundi viatu, yule wa gesi. Kwenye simu yangu yeye ni Fundi Maji Moto. Na nakiri kwamba hata Jumanne hiyo pampu haikuwa imeharibika. Nilikuwa nimemkosa Jumamosi mbili, upweke ukanizidi.

Nilikwenda 46 siku hiyohiyo. Majirani walikuwa wameketi uani kwenye viti vya plastiki. "Ndiye huyu rafiki yake wa Riruta," yule mama akawaambia, wakanipisha kiti. "Alikuwa akikutaja sana. Tulijua utapiga tu. Haya mzee, tuambie, kwao ni wapi?" Wote wakanitazama. Kwa matamshi yake nilijua ni mtu wa magharibi, lakini magharibi ni kubwa. Nikasema sijui. Hakuna aliyenilaumu, na afadhali wangenilaumu.

Ninapoandika haya bado yuko mochari, chifu anaulizauliza. Kwetu mtu huzikwa kwao, na asiyejulikana kwao huzikwa na serikali. Msomaji wangu, usijidanganye kwamba kumkaribisha mtu chai ndiko kumjua. Muulize kwao ni wapi, na mamake anaitwa nani, angali anaweza kukujibu. Mimi nilipewa Jumamosi za miaka miwili, na sikuuliza.