Positive ya Vijilango

Alhamisi nilikuwa nimesinzia kwenye benchi la kliniki moja ya mtaa wa Donholm, jua la dirishani likinibembeleza, niliposikia daktari akimsomea mama mmoja majibu ya kipande kilichotolewa kwenye titi lake. Mlango ulikuwa wazi, kama kawaida yetu.

“Mama, ni saratani. Ilianzia ndani ya mrija wa maziwa, sasa imetoboa ukuta wake na kuingia kwenye nyama ya titi. Lakini ni positive, na hiyo inatusaidia.”

Benchi zima likageukia mlango. Mwanamke aliyeketi kando yangu akavuta mkoba wake, akasogea mbali na ule mlango.

“Positive?” mama akauliza polepole. “Daktari, mimi ni mjane wa miaka mingi. Hiyo nimeitoa wapi?”

“Si ukimwi, mama. Hii ni ya homoni.” Akachora duara kwenye bahasha, akalitia vijilango. “Seli hizi hupokea homoni za mwili wako kupitia hapa, ndipo zinakua. Baada ya upasuaji, kuna tembe za kuvifunga vijilango hivi.”

Mama akabonyeza kijilango kimoja kwa kidole, kama anayejaribu kitasa. Vumbi lilielea juani bila haraka.

Alipotoka, bahasha kifuani, yule mwanamke akarudi karibu, akapigapiga benchi.

“Keti, mama. Kumbe ni saratani tu.”

Hilo “tu”, wasomaji, linanirudia hadi leo. Mama alikaa, lakini aliacha kati yao nafasi ya mtu mzima mmoja.