Konzi Moja Ndooni

Hakuna siku mke wa Cheche alipika wali bila kwanza kuidhulumu sufuria. Atapima mchele kwa kikombe cha bati, ataumwaga kwenye ungo, atauchambua mawe, na ukidhani kazi imekwisha, atatia mkono achote konzi moja nono airudishe kwenye ndoo iliyokuwa chini ya meza. Shwaa! Ndipo abandike. Maharage nayo yalikatwa hivyo hivyo. Hata makaa alikuwa akiyapanga jikoni, anayatazama kidogo, kisha anaondoa kipande kimoja na kukirudisha guniani, na chungu kilichemka vilevile.

Mumewe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Cheche lilikuwa jina la kazi. Alichomelea mageti na madirisha katika kibanda cha mabati kando ya barabara, na mashati yake yote yalikuwa na vitundu vya moto kifuani. Fundi hodari, hilo hakuna aliyebisha, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Akilipwa asubuhi, kufika saa nne wanywaji wote pale kwa muuza chai walikuwa wameshakunywa kwa jina lake, na wengine hata hawakuwa wakimfahamu.

Pamoja nao aliishi mama yake Cheche, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe. Chumba cha mbele kilikuwa chake na mjukuu wake wa kike, Binti, cha nyuma cha mtu na mkewe, na jiko lilikuwa kwenye kibaraza kati ya viwili hivyo. Alikuja akiwa anaona vizuri tu. Baadaye dunia ikaanza kumwingilia ukungu, akawa anamimina chai nje ya kikombe, hadi ikafika siku alipomwamkia jirani wa kiume kwa kumwita shoga. Walicheka siku ile. Kisha hawakucheka tena, maana giza lilikuwa limemfunika kabisa.

Hospitalini waliambiwa ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na kwamba akipasuliwa ataona. Wakatajiwa na gharama. Cheche akaomba itajwe tena. Mama akasimama pale pale, akapapasa fimbo yake.

"Pesa hiyo msomesheni mjukuu wangu," alisema. "Mimi nimeshaona ya kutosha. Na nikisikia mnajinyima kwa ajili yangu, sitatia kitu mdomoni."

Hakuwa akitishia tu. Mwaka mjukuu alipougua na kulazwa, mama huyu aliacha kula usiku, akisema tumbo limejaa, hadi alipoanguka uani na ndoo ya maji. Ukimjua, unajua.

Waliporudi nyumbani, mke alimvuta Cheche chumba cha nyuma.

"Baba Binti, macho yale tutayanunua. Lakini mama asijue mpaka siku yenyewe."

"Tukibana matumizi atajua tu. Ana masikio ya popo yule. Atadhani tunamnyima."

"Adhani mimi ndiye ninayemnyima. Akikuchukia wewe mwanawe, atakwenda wapi? Mimi wa kuja tu. Atanizoea."

Cheche alimtazama mkewe. Alikuwa ameishi naye miaka mingi, akamjua kwa upishi, kwa kicheko, kwa kununa akinuna. Hili hakulijua. Mwanamke alikuwa amelisema huku anakunja nguo, kama anayesema kesho tutafua.

Kisha akamwagiza kibubu. "Kitengeneze cha chuma. Usiweke mlango, usiweke kufuli. Weka tundu tu."

"Nitakifunguaje?"

"Hutakifungua. Ndiyo maana yake."

Cheche alijua anasemwa yeye na mkono wake. Kwa hasira za kifundi akachukua bati nene la geti, akalikata, akalichomelea pande zote, kisha akapitisha moto mara ya pili juu ya maungio. Alipokitua sakafuni, nyumba ilitikisika. Hata mwizi angekihurumia.

Basi wakaanza. Cheche akaacha basi, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Kwa muuza chai akawa anapita upande wa pili wa barabara, na marafiki wanampigia mbinja: "Fundi, leo jua limekuchoma mfuko?" Nyama ikawa ya sikukuu. Sabuni ya mche ilikatwa vipande kwa waya, ikaanikwa juani hadi ikawa ngumu, isiishe upesi majini. Mke alikuwa na nywele ndefu ambazo kila mwezi zilikula pesa ya msusi. Akachukua mkasi akazikata zote, akavaa kitambaa, akaendelea kupika. Na ile ndoo ya chini ya meza ilikuwa ikijaa taratibu, na siku ya kununua mchele ikifika, hanunui. Wanakula wa ndooni, na pesa ya mchele inaingia kibubuni saa hiyo hiyo, kabla haijapata nafasi ya kujadiliwa.

Kwa mama mkwe, vita ilikuwa ni ile sauti. Haoni kitu, lakini kila siku, kwenye mkeka wake, anasikia: shwaa!

"Mkono wa Birika!" anaita. "Umeshaiba ya leo?"

"Ndiyo, mama. Tayari."

"Na sukari je? Chai ya jana ilikuwa maji ya kuoshea vikombe."

"Nitaongeza, mama."

Majirani walicheka, jina likashika. Hata gengeni wakawa wanamwita Mkono wa Birika mbele ya uso wake, naye anaitika. Cheche alikuwa akisikia mpaka masikio yanawaka moto. Mara ngapi alifungua mdomo aseme, na mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza!

Siku moja umeme ulikatika mchana, kazi ikasimama, akarudi nyumbani kula. Si kawaida yake. Mchana hula kazini, na usiku mkewe humwandalia, halafu humwambia yeye ameshashiba kwa kuonja onja. Alipofika mlangoni alimkuta mama kwenye mkeka na sahani yake. Wali ulikuwa kichuguu, maharage yanatiririka pembeni, na juu yake kipande cha parachichi. Binti naye sahani yake imejaa. Pale kibarazani, mkewe amechutama kando ya jiko na sahani ya bati, ile yenye ua jekundu katikati. Wali aliokuwa nao ulifunika ua tu. Majani yake yalikuwa yakionekana pembeni.

Cheche alisimama na kofia yake ya kazi mkononi. Siku zote alidhani konzi ile inatoka kwenye sufuria, kwamba inawapunguzia wote kidogo kidogo. Kumbe ilikuwa ikitoka kwenye sahani moja.

Akachutama karibu naye. "Konzi ile ni yako peke yako?"

"Ni ya nyumba."

"Sahani yako ndiyo nyumba?"

"Punguza sauti. Mama anasikia."

Alitaka kumgombeza, akaacha. Aliona mifupa ya mkono wake, aliona kitambaa kichwani, akakumbuka nywele. Alijisikia mdogo, na wakati huo huo akajawa na fahari ambayo hakujua aipeleke wapi. Moyoni alisema: nimeoa mtu wa ajabu, na nilikuwa nalala. Tangu siku hiyo akawa anarudi mapema jioni, anasema hana njaa sana, na wanakula sahani moja. Mkewe alimjua ni mwongo, akamwacha.

Kisha dada yake Cheche akaja kutembea. Alikuwa mwanamke wa maneno, mwenye duka la vitambaa mji mwingine. Mama alimlilia bila hata salamu kwisha.

"Mwanangu, sahani yangu siioni, lakini najua napunjwa. Mke wa kaka yako anauficha mchele. Namsikia kwa masikio yangu."

Dada akafunua ndoo, akaukuta mchele. Alishika kiuno.

"Wifi, huna haya? Mama kipofu unampunja?"

Mke wa Cheche aliinama. "Nipe mpaka mwisho wa mwezi, wifi."

"Mwisho wa mwezi azikwe? Jumamosi naja na gari la kukodi, namchukua mama yangu."

Cheche aliona maji yamemfika shingoni. Kwa dada yake, mama angeshinda chumbani peke yake kutwa nzima, duka likifunguliwa. Tena hospitali ya macho ilikuwa huku. Akichukuliwa, hatarudi, na macho ndiyo basi. Usiku ule mtu na mkewe hawakubishana. Kitoshe kisitoshe, kibubu kifunguliwe.

Ijumaa Cheche alikibeba hadi kibandani, akavaa miwani yake, akawasha mashine ya kukatia chuma. Cheche za kwanza ziliporuka, mkewe akapiga ukelele.

"Zima! Pesa ni karatasi!"

Akazima. Wakatazamana. Miaka yote yeye ni bingwa wa moto, akatengeneza kibubu cha kushinda wezi, na hakuwaza hata mara moja kwamba kilichomo ndani kinaungua. Kosa la namna hiyo hulifanya mchomeleaji tu, kwa sababu akilini mwake kila kitu ni chuma. Alicheka, akakaribia kulia, akachukua msumeno wa mkono.

Alikata kutwa nzima. Meno ya msumeno yalikwisha, akatia mengine, yakakatika. Maungio yale aliyoyapitishia moto mara mbili sasa yalimlipa. Jumamosi asubuhi alikuwa uani nyumbani, jasho linamtoka kidevuni, dada yake anashuka garini, na mama yuko mlangoni na furushi lake limeshafungwa.

"Kaka, umerukwa na akili? Unakata nini?"

Cheche alisukuma msumeno mara nyingine, bati likaachia. Sarafu zikamwagika juu ya saruji, zikabingirika hadi miguuni pa mama, na noti zikafuata, zimekunjwa kunjwa, nyingine zinanuka maharage.

Mama aliinamisha kichwa, anasikiliza sarafu ya mwisho inavyozunguka.

"Hiyo nini?"

"Macho yako, mama," alisema Cheche. "Ni zile konzi."

Dada mtu alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na gauni lake zuri. Aliitazama ndoo, akamtazama wifi yake, akatazama lile bati nene lililokatwa.

"Nilisema sitaki," alisema mama taratibu.

"Ndiyo, mama," alisema mkamwana. "Lakini mchele wenyewe umeshageuka sarafu. Ukikataa, konzi zote hizo nani atazila?"

Mama alipapasa furushi lake. Kisha akalifungua furushi, fundo kwa fundo.

Hazikutosha zote. Palipopungua, dada aliziba kwa pesa ya gari, akamwambia dereva arudi zake. Na gari likaondoka tupu, dereva analalamika.

Hospitalini mama alijisifu kwa kila muuguzi aliyemgusa. "Macho haya nimeyalipia kwa tumbo langu mwenyewe," alisema. "Mkwe wangu ni bingwa. Alininyima, kumbe ananiwekea." Wauguzi wakacheka. Cheche alitaka kumsahihisha, na chini ya kitanda akakanyagwa mguu.

Walipasua jicho moja, baadaye la pili. Siku aliporudi nyumbani bila bandeji, alisimama kwanza uani akitazama kamba ya nguo. Nguo tu, zinapepea, naye anazitazama mdomo wazi. Aligusa ukuta. Akamwita mjukuu, akamgeuza huku na huku, akasema, "Una pua yangu, na hakuna aliyeniambia!" Akamtazama mkamwana. "Nywele zako ziko wapi?" Mkamwana akacheka, akasema zilikuwa zinamsumbua.

Wakati wa chakula ukafika. Mke wa Cheche alipima mchele, akatoa konzi yake, shwaa, akapika, akapakua. Furaha ilikuwa imemjaa, na mikono ilifanya kazi yake kama ilivyozoea. Hakukumbuka kwamba sasa mtu anaona.

Mama alipokea kichuguu chake. Alikitazama kwa muda mrefu: wali, maharage, parachichi.

"Hii ndiyo sahani yangu ya siku zote?"

"Ndiyo, bibi," alisema Binti. "Ndivyo unavyowekewa kila siku."

Mama akainua uso. Macho yake mapya yalipita kwa mwanawe, yakatua kwa mkamwana wake aliyechutama kando ya jiko na ile sahani ya bati. Alimtazama mkono, alimtazama shingo. Cheche aliacha kutafuna. Mkewe alijaribu kuificha sahani nyuma ya goti, lakini alikuwa amechelewa.

Mama aliinuka bila fimbo. Alikwenda hadi kibarazani, akaichukua sahani ile, na mahali pake akaweka yake iliyojaa. Mkamwana alitaka kusema kitu.

"Kula," alisema mama.

Akachutama palepale kando yake, jikoni, akala ule wali kidogo, punje kwa punje, machozi yanamshuka na hayafuti, mpaka sahani ikawa tupu. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga.

"Ua jekundu," alisema. "Mwanangu, mimi sikujua sahani zetu zina maua."