Tester ya Mjomba

Leo waya umeungua gerejini kwangu, na ulimi ukaniwasha kabla pua haijamaliza kunusa.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa magari hapa Isiolo, na hakuwa na tester, kile kifaa cha kupima umeme. Siku moja, nikiwa mtoto nyumbani kwake, lori la mbuzi lilizimika taa. Alifungua boksi ya fyuzi, akachomoa waya, akaniita mbele ya madereva.

“Lamba, wewe. Moto iko? Ukikosea, leo huli.”

Nililamba. Ulimi ukaruka kwa umeme, machozi yakanitoka.

“Iko, mjomba.”

“Basi fyuzi ni nzima. Sasa lamba ya rilei, ile swichi ya taa.”

Madereva walishika matumbo kwa kicheko. “Fundi, tester yako inalia!”

Sikusoma, lakini nina gereji tatu, na tester kila ukuta. Mwanangu ameniomba tester moja sasa hivi, apime waya ulioungua.

“Kwani huna ulimi?” nimemwambia.