Khitma ya Kwendea Chuo Kikuu

Nakumbuka, mwanangu, siku moja Bakari, mkata miwa mwenzangu pale Ramisi, aliponieleza kwamba wanaosomea nadharia ya sanaa za maonyesho chuo kikuu hufa kwenye mtihani. Huvishwa sanda mbele ya maprofesa. Anayekufa vizuri huamshwa akapewa shahada, anayekufa ovyo huzikwa hukohuko Nairobi. Nikaamini, tena nikatia chumvi yangu nilipowasimulia wengine.

Ilikuwa miaka ile bendera yetu ingali mpya, haijapauka kwa jua. Mchana nikikata miwa ya watu saba, jioni nikisoma masomo ya watu wazima Msambweni, na somo hilohilo la maonyesho ndilo nililopata nafasi ya kwenda kulisomea chuo kikuu. Kwetu Kinondo, kijiji kizima kilikuwa kimeshachinja kuku kwa furaha. Walikwisha, mwanangu, jogoo akabaki wa kwenye picha. Kukataa ni aibu, kwenda ni mauti. Na kwetu kujifanya maiti ni uchuro. Hata mtoto akijilaza hivyo mchezoni hupigwa kofi.

Basi nikajiandaa. Nikataka radhi kwa majirani wote, na kwa mbuzi niliowahi kuwatupia mawe. Nikaenda kwa maalim kuomba khitma. Akauliza maiti ni nani.

"Ni mimi, maalim," nikamjibu, "ila bado kidogo."

Akanipa maji ninywe.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nilikwenda kwa baba yake Mwanakombo, binti niliyekwisha kumposa, nikamwambia namwachia mwanawe, nisije nikamfanya mjane angali mbichi. Mzee hakubishana. Akasema ataleta jibu Ijumaa, maana kuna mchuuzi wa papa kutoka Jego anayepitapita pale kwake akimtaka binti huyohuyo. Nikarudi nyumbani. Kifo nilikwisha kukizoea. Huyo mchuuzi sikumzoea.

Alhamisi Mwanakombo akaja kwetu na shangazi yake. Naye alikuwa akisoma darasa letu la jioni, ila yeye hakuona haya kuuliza. Alikataa hata kuketi.

"Nimemuuliza mwalimu wetu," akasema. "Wanakaa kwenye viti, wanasoma vitabu, wanabishana kwa nini mtu hulia akitazama mchezo ilhali ajua hakuna aliyekufa. Mtihani ni karatasi na kalamu. Hakuna sanda. Haya, mchuuzi nimjibu nini?"

Nikamwambia amjibu kuwa papa wake ananuka. Shangazi akacheka hadi leso ikamdondoka.

Nikaenda, nikakalia viti hivyo hadi suruali zikatoboka, nikarudi tukaoana. Ndiye huyo anayekukaripia kila ukichelewa kula.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Jambo likikutisha, mwendee anayelijua kabla hujaanza kuaga watu, wala usikiachilie unachokipenda kwa neno la mtu asiyefika huko anakokusimulia. Bakari hakuwahi kuvuka hata feri ya Likoni, seuze kufika Nairobi. Mwenyezi Mungu akufungulie masomo yako, na siku utakayopumbaa akuletee wa kukwambia kweli bila kuketi. Amin.